Vielelezo vya wadudu vinapoharibika Malindi: soma dalili, fuata chanzo

Kipepeo aliyechomwa pini vizuri na kutunzwa pakavu hukaa zaidi ya miaka mia bila kubadilika sura. Huyohuyo ukimweka kwenye sanduku linalovuja hewa mjini Malindi, masika moja yatosha kummaliza. Mwongozo huu ni wa wanafunzi, mafundi wa maabara na walimu wa zuolojia wanaokusanya wadudu Arabuko-Sokoke, Gede, Mida na kwenye mlango wa Mto Sabaki, kisha ikifika Juni wanavuta droo na kukuta ukungu, unga, pini za kijani au mabawa yaliyoanguka.

Wengi wakikuta hivyo hukimbilia dawa: naftalini zaidi, dawa ya kupuliza zaidi. Hapo ndipo mikusanyo ya pwani inapopotea, kwa sababu uharibifu unaoonekana kwenye droo huwa umeanzia nyuma: kwenye chupa ya kuulia, kwenye ubao wa kutandazia mabawa, au kwenye mpira wa mlango wa kabati. Dawa haigusi huko. Rudi nyuma hatua kwa hatua, na hatua ya kwanza ni kupima unyevu.

Kipimo kwanza

Weka kipima unyevu kidogo cha kidijitali ndani ya droo, si ukutani. Vya bei nafuu hupotoka, kwa hiyo kijaribu kwa chumvi ya kupikia. Jaza chumvi kwenye kizibo cha soda, idondoshee maji mpaka iwe nzito kama uji bila kuyeyuka yote, kisha ifungie pamoja na kipimo ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana kwa saa 12, penye kivuli. Hewa ya ndani itatulia kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 81, kinazidisha 6. Andika tofauti hiyo mgongoni mwake na uipunguze kila unaposoma.

Ndani ya droo tunataka asilimia 45 hadi 55. Kuanzia 65 kwenda juu ukungu hupata nafasi, na chawa wa vitabu huzaana. Hewa ya Malindi hupita 70 sehemu kubwa ya mwaka, na wakati wa masika hupanda zaidi. Droo inayosoma sawa na hewa ya ukumbini haijafungika, hata kama kufuli imefungwa.

Silika, zile punje za kunyonya unyevu zinazowekwa ndani ya droo, hutoa habari nyingine ambayo watu wengi huipuuza. Droo ya sentimita 45 kwa 45, kina sentimita 6, inabeba hewa lita 12. Kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, hewa hiyo yote ina maji yasiyofika hata theluthi moja ya gramu. Gramu 100 za silika kavu hunyonya gramu 10 na zaidi kabla ya kubadilika rangi. Kwa hiyo silika ikigeuka ndani ya juma moja, usiongeze silika. Maji hayo hayakuwa ndani ya droo. Yanaingia kila saa, au yanatoka kwenye mbao, kwenye koki laini ya kuchomea pini iliyotandikwa sakafuni mwa droo, au kwenye miili ya wadudu walioingizwa wangali wabichi. Pitisha ukanda wa karatasi nyembamba katikati ya mfuniko na ukingo, ufunge, uvute. Mahali unapotoka bila kukwama ndipo hewa inapopita. Bandika ukanda wa sponji au mpira hapo.

Silika ya rangi ya bluu hugeuka waridi, ya chungwa hugeuka kijani. Ya bluu ina kobalti kloridi, ambayo ni sumu, hivyo usiishike kwa mkono mtupu wala usivute vumbi lake. Ukinunua upya, chukua ya chungwa. Zote hurudishwa kwa kukaushwa kwenye oveni, nyuzi 110 hadi 120, saa 2 au 3, zikiwa zimetandazwa kina cha sentimita 2. Zipoe ndani ya chupa iliyofungwa, si juu ya meza, la sivyo zitaanza kunyonya hewa ya chumba kabla hazijafika kwenye droo. Mchele uliokaangwa hunyonya kidogo mno, nao ni chakula cha fukusi. Majani ya mwarobaini nayo huingiza mmea ndani ya droo, na mmea ni makazi ya wadudu usiowataka.

Chumba cha kiyoyozi kinacholowesha vielelezo

Hili hushangaza watu: chumba kina kiyoyozi, kina ubaridi mzuri, na bado droo zina ukungu kuliko za chumba cha jirani. Sababu ni umande. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa maji ikigusa kitu chenye nyuzi 25 au chini. Kabati lililokaa kwenye nyuzi 21 mchana kutwa, umeme ukikatika jioni au dirisha likafunguliwa, hupokea hewa hiyo ya bahari na maji hutanda juu ya vioo, pini na mabawa. Kiyoyozi kinachowashwa saa za kazi na kuzimwa usiku ni kibaya kuliko kutokuwa nacho kabisa. Kama huwezi kukiwasha usiku na mchana, kizime, ufunge droo vizuri na utumie silika. Mashine ya kukausha hewa husaidia zaidi ya kiyoyozi, mradi bomba lake la maji litoke nje. Tangi likijaa mashine huzima yenyewe na hakuna anayegundua mpaka Jumatatu.

Sogeza pia kabati sentimita 10 kutoka ukutani, hasa ukuta wa matumbawe unaopigwa na mvua ya Kusi. Ukuta huo hufyonza maji na kuyatoa polepole kwa wiki kadhaa.

Ukungu mweupe au wa kijani mwilini na kwenye vipapasio

Usianze kusafisha. Kwanza tazama ukungu umekaa wapi, kwa sababu mpangilio wake unasema chanzo.

Ukiwa kwa wadudu wa safari ya mwisho peke yao, waliingia wabichi. Ukiwa kwenye droo moja, upande mmoja, tafuta pengo la mfuniko au ukuta wa nje. Ukiwa kwa wadudu wa ufukweni, mikokoni na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni pekee, huku wa msituni kwenye droo ileile wako salama, chanzo ni chumvi iliyo juu ya miili yao. Chumvi huvuta maji hewani unyevu unapofika asilimia 75, ile namba ya jaribio la kizibo, na mdudu aliyeloa maji ya bahari hatakauka Malindi hata ukimwanika mwezi mzima: kila usiku atarudi kuwa majimaji. Wadudu hao huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara 2, kisha kwa ethanoli ya asilimia 80, kabla ya kuchomwa pini. Ukiacha kufanya hivyo siku ya kwanza, itakubidi uwalainishe na kuwaosha upya baadaye.

Kutibu: vaa barakoa, toa droo nje ya chumba cha mkusanyo, usipulize kwa mdomo. Kausha kwanza kwenye nyuzi 40 kwa siku moja au mbili, kwa sababu ukungu mbichi ukipigwa brashi hupakaa, na mkavu hudondoka. Mbawakawa, panzi na nyigu wasio na manyoya hupigwa brashi laini namba 0 iliyochovywa ethanoli ya asilimia 80. Vipepeo na nondo hupigwa brashi kavu tu, kutoka shina la bawa kwenda ukingoni; wakiloweshwa magamba hushikana. Nondo wa kijani wa jamii ya Geometridae wana rangi inayopotea kwa maji, kwa hivyo hao usiwaloweshe kwa hali yoyote, wala usiwaweke kwenye kopo la kulainishia, lile la mchanga mbichi ambamo mdudu mkavu hurudishiwa ulaini.

Baada ya hapo watenge kwenye sanduku la peke yao lenye silika kwa majuma mawili. Ukungu ukirudi, hujatibu chanzo.

Mabawa yanashuka, kichwa kinalegea

Mdudu ametolewa kwenye ubao wa kutandazia mapema. Vitabu vingi husema juma moja, lakini viliandikwa kwa hewa kavu. Malindi wakati wa Kaskazi juma moja hadi mawili hutosha kwa kipepeo wa kawaida. Masika mbawakawa mkubwa au vunjajungu anaweza kuchukua wiki 4 na bado akawa na maji tumboni. Usihesabu siku, jaribu: gusa tumbo taratibu kwa ncha ya pini. Likicheza peke yake bila mwili mzima kusogea, bado.

Njia ya uhakika ni sanduku la kukaushia. Chukua kabati dogo la plaiwudi, toboa safu ya matundu chini na nyingine juu, weka balbu ya waya ya wati 40 sakafuni na wavu wa chuma sentimita 25 juu yake, ning'iniza kipimajoto mahali ubao utakapokaa. Nyuzi 40 hadi 45, siku 3 hadi 5. Balbu ya LED haitoi joto la kutosha. Ukivuka 50 viungo hukauka mno na miguu hukatika ukigusa. Usianike juani, rangi huondoka.

Panzi wakubwa na vunjajungu hukaushwa vizuri tu utumbo ukitolewa: pasua tumbo kwa chini kwa makasi madogo, vuta utumbo kwa kibanio, futa ndani, jaza pamba kidogo tu ili tumbo lirudi umbo lake. Bila hivyo huoza kabla ya kukauka na kugeuka weusi.

Tumbo limeliwa usiku wa kwanza

Hao ni sisimizi, na huja kwenye ubao wa kukaushia, si kwenye droo. Weka kila mguu wa meza ndani ya kopo la maji yenye matone ya sabuni ya kuoshea vyombo, meza isiguse ukuta, waya wa taa usishuke kutoka darini hadi mezani. Waya huo ndio njia inayosahaulika. Badilisha maji kila siku 3 ili mbu wasizaliane humo.

Unga chini ya mdudu

Hapa lenzi ya mkono ya mara 10 ni lazima, kwani kuna maharamia wa aina mbili na tiba zao zinatofautiana.

Unga wa kahawia uliorundikana chini ya pini, pamoja na viganda vyenye manyoya magumu, ni kazi ya mabuu ya Anthrenus, mbawakawa wadogo wa milimita 2 hadi 4 ambao wakishakomaa huenda kwenye maua na dirishani. Wanaingia kwa vielelezo vipya na kwa viota vya ndege darini. Buu mmoja aweza kumaliza kipepeo mzima na kubakiza pini na lebo.

Vumbi jembamba kila mahali, na vidudu vya rangi ya maziwa vya milimita 1 vinavyokimbia ukifungua, ni chawa wa vitabu. Hao hula ukungu na hukwangua magamba na nywele nyororo. Ukiwaona, jibu liko kwenye kipima unyevu: shusha chini ya asilimia 50 na uushikilie hapo, watakauka wenyewe ndani ya majuma machache.

Anthrenus hawaogopi ukavu, hivyo hugandishwa. Funga droo nzima kwenye mfuko mzito wa plastiki, toa hewa uwezavyo, bana kwa utepe wa gundi mara mbili, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 14. Friza ya nyuzi 30 chini ya sifuri hutaka siku 3. Ikitoka, mfuko usifunguliwe mpaka saa 24 zipite: ukifungua wakati bado ni baridi, umande ule uliotajwa juu utatua juu ya wadudu wote, nawe utakuwa umebadilisha buu kwa ukungu. Rudia mara ya pili baada ya siku moja ya joto la chumba, hasa kama una wasiwasi na mayai.

Umeme ukikatika katikati, siku hizo hazihesabiki. Ili ujue bila kukaa ukilinda, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kiache ndani ya friza. Ukikuta sarafu imezama, barafu iliyeyuka wakati hukuwepo. Anza upya.

Naftalini hufukuza kidogo na haiui mabuu yaliyokwisha kuingia. Inadhuru zaidi watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kwa kuwa huvunja chembe nyekundu za damu, na upungufu huo ni wa kawaida pwani yetu yenye historia ndefu ya malaria. Hatuioni kama kitu cha kuwapa wanafunzi wavute kutwa. Paradiklorobenzini nayo inadhuru mtu, na juu ya hilo hula sponji nyeupe ya polisterini iliyotandikwa kwenye masanduku mengi ya kujitengenezea. Tandika sponji ya polithini.

Pini ya kijani, kifua kinapasuka

Pini za shaba nyeupe au njano, hata zilizopakwa rangi nyeusi, hukutana na mafuta ya mwili wa mdudu na kuota uchafu wa kijani unaovimba na kupasua kifua. Hewa ya chumvi huharakisha. Pini za kushonea huota kutu ndani ya miezi. Nunua pini za wadudu za chuma kisichoshika kutu, urefu wa milimita 38, namba 2 na 3 kwa kazi nyingi. Wadudu wa chini ya milimita 5 hawachomwi. Hubandikwa kwa gundi ya maji kwenye ncha ya pembetatu ya kadi ngumu.

Pini iliyokwisha kuota isivutwe kwa nguvu. Lainisha mdudu siku moja au mbili kwenye kopo lenye mchanga mbichi na chembe chache za thimoli za kuzuia ukungu, zungusha pini taratibu mpaka iachie, kisha ingiza mpya kwenye tundu lilelile.

Mabawa yamegeuka meusi na yana mafuta

Mafuta ya mwili yamesambaa. Hutokea sana kwa nondo wanene na mbawakawa ambao mabuu yao huishi ndani ya mti. Toa lebo, zamisha mdudu pamoja na pini kwenye asetoni ndani ya chupa ya kioo iliyofungwa kwa saa 24, badilisha asetoni ikigeuka njano, rudia hadi ibaki safi. Fanya mbali na moto na penye hewa. Mdudu aliyebandikwa kwa gundi au rangi ya kucha ataachia, basi andaa gundi mpya. Kipepeo akitoka, mpulizie hewa ya feni ndogo ili mabawa yasishikane.

Ndani ya chupa za ethanoli

Mdudu amekuwa laini, maji yamekuwa kahawia: chupa ilijazwa mno. Wadudu wasizidi theluthi moja ya ujazo, na ethanoli ibadilishwe baada ya saa 24 za kwanza kwa sababu maji ya miili yao huizimua. Kutoka ethanoli ya asilimia 95, pima mililita 737 na uongeze maji yaliyochujwa kwa mvuke hadi lita 1 upate asilimia 70. Kwa asilimia 80, mililita 842. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi na chokaa na huacha tando jeupe.

Miguu inakatika kila unapogusa: ethanoli ni kali mno. Asilimia 95 ni ya kazi ya DNA, na chupa hizo hukaa kwenye friza. Kwa kutazama maumbo tumia 70 hadi 80. Kama unataka yote mawili, kata mguu mmoja wa katikati, uweke kwenye kichupa cha 95 chenye namba ya mdudu mwenyewe.

Maji yamegeuka maziwa ulipochanganya: hiyo ni spiriti ya dukani, ya kuwashia majiko. Usiitumie.

Ethanoli inapungua ingawa kizibo kimekazwa: vizibo vya plastiki nyembamba hulegea kwa joto. Tumia vyenye mpira ndani, weka alama ya kalamu kwenye usawa wa maji, kagua kila baada ya miezi 3. Inayovukiza zaidi ni ethanoli, si maji. Kwa hiyo chupa iliyopungua nusu usiijaze tu juu, imwage yote na uweke mpya.

Lebo imefutika

Wino wa printa ya kunyunyiza hukimbia kwenye ethanoli, na wa leza hubanduka. Ndani ya chupa andika kwa penseli ya HB au wino wa pigmenti usioyeyuka, kwenye karatasi ya pamba, na lebo iingie ndani ya chupa, kwani ya nje itasuguliwa au kuliwa na mende. Andika nchi, kaunti, mahali, viwianishi, tarehe yenye mwezi kwa namba za Kirumi, njia ya kukamatia na jina la mkusanyaji: KENYA, Kilifi, Gede, 3.310°S 40.017°E, 12.xi.2024, mtego wa taa. Namba ya kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, ikae kwenye daftari pamoja na namba za wadudu. Utaihitaji siku ya kupeleka vielelezo Makumbusho ya Taifa Nairobi au nje ya nchi.

Lebo ikipotea kabisa, usikisie mahali kutokana na jirani yake kwenye droo. Andika lebo mpya inayosema "data imepotea", tarehe ya kugundua, na namba ya droo, kisha umhamishie mdudu huyo kwenye sanduku la kufundishia.